Keki ya mathree isimame wima: Siri ni mjengo, si krimu

UKITAKA kujua presha ni nini, muulize msee anayeoka keki kejani hapa Nairobi, Jumamosi asubuhi, akiwa na oda ya simba aliyesimama kwa miguu minne. Sherehe ni saa nane. Mteja ameshatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa. Mtoto wa miaka mitano ametangazia ploti nzima kwamba simba anakuja. Halafu shingo ya simba inaanza kuinama polepole, kama abiria anayesinzia kwenye basi la usiku.

Hapo hakuna krimu ya kuokoa mambo. Ukipaka zaidi, unaongeza uzito. Ukisukuma kichwa kirudi nyuma, mgongo unapasuka. Simu inalia, ni mama ya mtoto anauliza kama keki iko njiani.

Keki hizi za maumbo, zile tunaita keki za 3D, zimeshika mtaa. Ingia TikTok ama Instagram uone: mathree yenye grafiti, kiatu cha mpira, mkoba wa mabinti wa town, chupa ikiwa ndani ya ndoo ya barafu. Wengi wetu tulianza kuzitamani kwa runinga. Marekani walikuwa na Ace of Cakes ya Duff Goldman kule Baltimore kuanzia 2006, halafu Cake Boss ya Buddy Valastro kule New Jersey ikafuata 2009. Mwaka wa 2022 Netflix wakaleta Is It Cake?, watu wakaanza kushuku kila kitu mezani kwamba huenda ni keki.

Kwa vijana wengi hapa, lakini, hii si burudani. Ni kodi ya nyumba. Oveni moja, mizani, simu yenye kamera poa, na bizna imefunguliwa. Ndiyo maana keki ikianguka, haianguki peke yake. Inaanguka na mayai, siagi, stima, usiku mzima wa kazi, pesa za kumrudishia mteja, na jina lako. Mgeni mmoja akirekodi video ya simba asiye na kichwa, utaiona kwa statasi za watu hata huwajui.

Mimi sikumaliza chuo na sijawahi kukaa darasa la uhandisi. Lakini kitu kimoja nimekishika: keki ya umbo si chakula kilichopambwa. Ni mjengo uliopakwa krimu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Keki nayo ukiona imesimama, jua kuna mtu aliiundia mifupa.

Anza na penseli, si unga

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuwasha oveni kabla ya kuchora. Fundi wa nyumba hawezi kumwaga zege bila ramani, na wewe usioke bila mchoro. Chukua karatasi kubwa, chora keki kwa ukubwa wake halisi, mara mbili: inavyoonekana ubavuni na inavyoonekana mbele. Hiyo karatasi utaikata baadaye na kuitumia kama fundi wa nguo anavyotumia patani.

Ukiwa na mchoro, jiulize maswali matatu. Uzito mwingi uko wapi? Unashukia wapi? Ni sehemu gani imening'inia bila kitu chini yake?

Kumbuka ile fizikia ya sekondari. Kitu kinasimama vizuri kikiwa kipana chini na kizito chini. Mtu akibeba mzigo kichwani anatanua miguu, si ndiyo? Simba aliyelala ni rahisi kwa sababu tumbo lote liko chini. Simba aliyeketi ana kazi kidogo. Simba aliyesimama kwa miguu minne nyembamba ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu keki haiwezi kuwa mguu. Hebu sema hiyo tena: keki haiwezi kuwa mguu. Ni kitu laini chenye matundu ya hewa. Ukikibebesha kilo tatu juu, kitafinyika tu.

Na hakifinyiki mara moja. Hapo ndipo watu hudanganyika. Keki inaweza kusimama fiti saa nne usiku, ukaenda kulala ukijipongeza, halafu saa kumi na mbili asubuhi unaipata imetoa kitambi. Uzito unaendelea kusukuma usiku wote. Kwa hivyo usiulize kama keki imesimama. Uliza kama itakuwa bado imesimama kesho jioni.

Keki yenyewe iwe na kifua

Si kila keki inakubali kuchongwa. Ile sponji nyepesi, laini kama godoro jipya, ni tamu lakini ikiguswa na kisu inamwaga makombo na ikibebeshwa uzito inalala. Kwa kuchonga, waokaji hupenda keki nzito kidogo kama Madeira, ama ile ya zamani ambayo siagi, sukari, mayai na unga hupimwa kwa uzito sawa. Keki ya chokoleti iliyoshikana pia inafaa. Keki yenye matunda mabichi na krimu ya maziwa katikati, achia ile ya duara.

Halafu kuna hii ya Nairobi, ambayo video za majuu hazitakuambia. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ina presha ndogo, na maji huchemka kama nyuzi 94 hivi badala ya 100. Keki nayo inahisi. Gesi ya beking pauda inatanuka haraka kuliko ilivyokusudiwa, keki inapaa kama nyota, halafu inazama katikati kabla haijashikana. Hata isipozama, inabaki na matundu makubwa, na matundu ni nyufa zinazosubiri siku yao.

Resipe iliyoandikwa kwa mtu wa pwani ama wa London inahitaji kurekebishwa: punguza beking pauda kidogo, ongeza unga kidogo, na ongeza maji ama maziwa kidogo kwa sababu unyevu hupotea haraka huku. Jaribu keki ndogo kwanza. Msee wa Mombasa akitumia resipe ileile bila kubadilisha, yake inatoka poa. Si uchawi, ni mwinuko.

Ikishaiva, iache ipoe kabisa, ifunge kwa nailoni ya chakula, iweke kwa friji usiku mzima. Keki baridi ni ngumu na haimwagi makombo mengi. Chonga kwa kisu chenye meno, kile cha mkate, na utoe vipande vidogo vidogo. Ukitoa kidogo unaweza kutoa tena. Ukitoa sana, hakuna kurudisha.

Nguzo na slabu

Tazama jengo lolote linaloinuka mtaani kwenu. Ghorofa ya nne haikai juu ya watu wa ghorofa ya tatu. Inakaa juu ya slabu, slabu inakaa juu ya nguzo, nguzo zinapeleka uzito hadi chini kwa msingi. Keki ni hivyo hivyo.

Slabu zako ni mbao nyembamba za keki, zile kadi ngumu zinazouzwa kwa maduka ya vifaa vya kuoka. Nguzo zako ni vijiti vya mbao safi ama mirija migumu ya plastiki, ile minene. Kila keki inapofika urefu wa sentimita 10 hadi 12, usiendelee kupanga tu kama chapati. Chomeka nguzo ndani ya sehemu ya chini mpaka ziguse ubao, weka slabu juu, halafu ndio uendelee na ghorofa inayofuata.

Kuna mambo mawili hapa ambayo hutenganisha mjengo na maombi. La kwanza ni urefu wa nguzo. Zote lazima ziwe sawasawa. Chomeka moja mahali keki iko juu zaidi, weka alama, itoe, kata nyingine zote kwa kipimo hicho. Nguzo moja ikiwa ndefu kwa milimita chache, ghorofa ya juu inainama kama mti wa Lamu unaosukumwa na upepo. La pili ni idadi. Ghorofa ya juu yenye upana wa sentimita 20 inataka nguzo nne hadi sita, zikiwa zimepangwa kwa duara ndani ya ukingo wa ile slabu, si zote katikati.

Ukielewa hapo, umeelewa kila kitu: keki ya juu haiguswi na keki ya chini. Inakaa kwa nguzo. Keki ya chini kazi yake ni kuzizunguka nguzo na kuwa tamu, basi.

Chini kabisa ni msingi. Watu hutumia pesa kwa fondanti ya rangi saba halafu wanaweka keki ya kilo sita juu ya katoni iliyofungwa karatasi ya zawadi. Katoni ikikunjika wakati wa kubeba, keki inapasuka kwa sababu chini yake pamepinda. Nenda kwa fundi wa mbao, akukatie plaiwudi ya milimita 12 ama zaidi. Ifunge kwa foili. Bandika vibao vidogo chini yake kama miguu, ili vidole vipate pa kuingia ukiinyanyua.

Tuchukue mathree

Wacha tufanye mfano mmoja tukiwa pamoja. Mteja anataka mathree. Unaona ni boksi tu, kazi rahisi. Shida ni magurudumu. Mathree halisi haijalala tumbo chini. Imeinuka, na katikati ya magurudumu unaona upenyo. Ukiweka boksi la keki moja kwa moja kwa ubao, umetengeneza mkate wenye madirisha. Ukiweka keki juu ya magurudumu ya keki, umetengeneza ajali.

Ujanja ni huu. Kata ubao mgumu mwembamba, mdogo kidogo kuliko tumbo la gari. Uinue kutoka kwa msingi kwa vipande vya mbao vyenye urefu wa sentimita tatu hivi, vikiwa vimepigwa skrubu kutoka chini ya plaiwudi. Huo ubao ndio chesi. Keki yote inakaa juu yake. Baadaye unatengeneza magurudumu kwa fondanti ama biskuti za duara, unayabandika ubavuni yakiguse chini. Mtu akiangalia anaona gari limesimama kwa magurudumu manne. Ukweli ni kwamba magurudumu hayabebi hata gramu. Ni mapambo.

Kama mathree ni ndefu kwenda juu, gawanya: sehemu ya viti ni ghorofa ya kwanza, sehemu ya madirisha na paa ni ya pili, katikati kuna slabu na nguzo. Keria ya juu, spika, na yule makanga anayening'inia mlangoni, visiwe vya keki. Vitengeneze siku kadhaa mapema kwa fondanti iliyochanganywa na unga wa kuifanya ikauke, uviache vikauke kabisa, uvibandike mwisho.

Simba ana mifupa ya chuma

Sasa turudi kwa yule simba, ama twiga, ama sanamu ya mtu. Chochote chenye miguu myembamba, shingo ndefu ama mkono uliotoka nje kinataka mifupa ya kweli. Duff Goldman hakujulikana kwa kushika drili na msumeno ili kuchekesha watazamaji. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Toboa plaiwudi kwa drili. Pitisha fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu, ifunge kwa nati na washa juu na chini ya ubao, ukaze kwa spana mpaka isiyumbe. Kila mguu wa simba ni fimbo. Juu yake unafunga ubao mwingine kwa nati, na tumbo la keki linakaa hapo. Fimbo moja inaendelea juu kubeba kichwa. Chuma cha duka la vifaa vya ujenzi hakikutengenezwa kugusa chakula, kwa hivyo kila fimbo ifunikwe kwa mrija safi ama foili na nailoni ya chakula kabla keki haijaikaribia.

Kisha kichwa. Kisiwe cha keki. Kichwa kizito juu ya shingo nyembamba ndicho kinachovunja simba wengi. Tumia mchele uliopulizwa, ule wa nafaka ya asubuhi, uuchanganye na mashimalo yaliyoyeyushwa kwa siagi kidogo. Finyanga ukiwa bado na joto, ubonyeze ushikane, uache ugande. Ni mwepesi, ni mgumu, na unalika. Miguu pia iviringishiwe huo. Usijaze kichwa na makombo ya keki yaliyokandwa na krimu. Yanafinyangika vizuri lakini ni mazito kama udongo.

Plasta na rangi

Mifupa ikishakaa, ndipo tunafika kwa ile kitu watu wanaona. Ukuta ukishajengwa unapigwa plasta. Plasta nzuri ya keki ya umbo ni ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa. Kwa chokoleti nyeusi, uzito wa chokoleti uwe mara mbili ya krimu. Kwa nyeupe, mara tatu, kwa sababu nyeupe ni laini zaidi. Ikigandia usiku mmoja inakuwa ganda gumu linaloshika keki yote pamoja. Krimu ya siagi na sukari nayo inafaa, ila ni laini na haipendi joto. Ndani, katikati ya keki na keki, paka safu nyembamba. Krimu nene ni utelezi, na keki zitateleza kama viatu vya plastiki kwa tope.

Joto si la kuchezea. Siagi hulainika na kuyeyuka ikifika nyuzi 30 na kitu, na mafuta ya chokoleti pia yako karibu hapo. Nairobi Julai unaweza kutulia. Mombasa Februari, keki ikikaa nje ya hema ikisubiri mgeni wa heshima, huna saa nyingi. Watu wa pwani hupunguza krimu kwenye ganashi na huongeza mafuta magumu ya kupikia kwenye krimu ya siagi kwa sababu hayayeyuki haraka.

Fondanti, lile ganda la sukari linalosukumwa kama chapati, lina adui mwingine: unyevu. Sukari hunywa maji kutoka hewani. Keki ikitoka kwa friji ikakutana na hewa ya joto, inatokwa jasho kama chupa ya soda, na fondanti inaanza kunata na kuvutika kwenda chini. Dawa ni boksi. Iache ndani ya boksi lililofungwa mpaka ipoteze baridi, halafu ndio ufungue.

Matuta ndiyo mtihani

Keki nyingi hazifii jikoni. Zinafia barabarani. Kila tuta ni mtetemeko mdogo wa ardhi, na kila dereva anayefunga breki ghafla anasukuma simba wako mbele. Kwa hivyo keki ya umbo isipelekwe na boda. Najua ni bei rahisi. Isipelekwe.

Ndani ya gari, isikae kwa kiti wala kwa mapaja, kwa sababu kiti kimeinama na mapaja yanachoka. Sakafu ya nyuma ama buti iliyo tambarare ndio mahali pake, juu ya kitu kisichoteleza, mbali na jua la dirishani. Kama kichwa cha simba kinaweza kutolewa, kisafiri peke yake, ukakifunge ukifika. Beba mkoba wa dharura: ganashi kidogo, kipande cha fondanti ya kila rangi, kisu cha kulainisha, mirija miwili.

Ukifika, angalia dalili. Kitambi ubavuni maana yake nguzo hazitoshi. Ufa wa kwenda juu maana yake msingi umepinda. Mkunjo shingoni maana yake kichwa kinashuka. Ufa mdogo unazibwa. Kitambi kinataka friji na nguzo za ziada. Kichwa kinachoshuka kitoe, ukilaze kando ya miguu, na simba awe amelala. Watoto hawatajua mpango wa kwanza ulikuwa upi. Halafu piga picha keki ikiwa mezani, mbele ya mteja, kabla hujaondoka.

Hesabu ya mifupa

Hapa Kenya keki huuzwa kwa kilo. Mteja anauliza kilo tatu ni pesa ngapi, unamwambia, anaridhika. Shida ni kwamba keki ya duara ya kilo tatu na simba wa kilo tatu si kitu kimoja. Simba ana plaiwudi, fimbo, nati, siku mbili za kukausha, na taxi. Ukimtoza bei ya kilo, hiyo pesa ya mifupa inatoka mfukoni mwako. Na mtu anayejua hatalipwa mifupa ndiye anayeanza kukwepa nguzo, kutumia katoni, kuita boda. Keki nyingi zinaanguka siku ile bei ilikubaliwa.

Kwa hivyo toa bei mbili kwa uwazi: ya keki, na ya mjengo. Mteja akisema ni nyingi, mpe simba aliyelala. Akitaka aliyesimama kwa bei ya aliyelala, mwambie hapana, na umwambie mapema. Utapoteza oda moja. Ukikubali na simba aanguke, hujui utapoteza ngapi.

Mwisho, hii usisahau hata ukisahau yote. Mifupa ya keki inaweza kuumiza mtu. Usitumie vijiti vya meno ndani ya keki ya watoto; ni vidogo, vinapotea, na mtoto anaweza kukimeza kimoja. Hesabu kila nguzo unayoweka. Mwachie mteja karatasi yenye mchoro rahisi: chuma kiko hapa, nguzo ni tano, kata kuanzia huku. Anayekata aanze na kuitoa mifupa, azihesabu, ndipo sahani zizunguke.

Ukifanya hivyo vyote, mambo yatakuwa ya kawaida tu. Simba atasimama, watu watapiga picha, mtoto ataomba sikio. Hakuna atakayeuliza kuhusu plaiwudi. Lakini kuna mgeni mmoja atauliza namba ya simu ya aliyeoka.